Amana za Bwana Sheikhan

Jumatano, 2 Aprili

Daftari hili nimepewa bure Nairobi siku ya mwisho ya mafunzo, pamoja na kalamu ambayo imegoma kuandika hata neno moja. Jalada linasema: Kalamu Safi, Wahasibu wa Biashara Ndogo. Nitaliandika msimu huu wote wa ritani za kodi, hadi tarehe thelathini Juni, ili mwakani nijue nilijikwaa wapi.

Tawi la Makupa ni mimi, Fadhiya wa mapokezi, kompyuta mbili na kibao cha buluu mlangoni. Jina la kwenye kibao si langu. Nimelinunua Januari kwa laki tatu na nusu, kiinua mgongo changu chote cha miaka kumi na minne ya ukarani Shimanzi, na kila mwisho wa mwezi nawatumia wenye jina fungu lao. Kanze, mke wangu, hakusema kitu nilipotia sahihi. Nikahesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Wateja kumi na tisa. Sheryl, msimamizi wetu wa Nairobi, anataka arobaini kabla ya Pasaka. Hupiga simu kila siku saa tatu asubuhi, na hasalimii.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeshuka Kibokoni kwa Bwana Sheikhan, mteja wa ishirini na sita. Anauza misumari, bawaba, kufuli na rangi, na mafundi wote wa Mji wa Kale wanamjua. Duka ni la babu yake. Hesabu anaziandika kwenye daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Akaniagizia kahawa. "Ndoo ukae, mwanangu," akasema. "Tulipitie hili ukurasa kwa ukurasa. Mna mambo humu mashine haiyajui."

Nikamwambia siku hizi benki inajisemea yenyewe, mzee. Nikachukua taarifa yake ya benki ya mwaka mzima, nikaondoka na kahawa bado ya moto. Ukikaa na kila mzee kupitia daftari lake, utafika mwisho wa msimu na wateja sita.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefaili ritani za wateja kumi na mmoja kwa siku moja.

Mtambo wa Kalamu Safi ni rahisi. Unamimina taarifa ya benki, na kila shilingi iliyoingia inakaa kwenye safu ya mauzo, kwa rangi ya manjano, ikingoja umuulize mteja ni ya nini. Ukishamuuliza, unatia alama mahali palipoandikwa "Nimemhoji mteja". Kuna pia kitufe cha Kubali Zote, kwa mwenye haraka.

Fadhiya akainama kwenye kompyuta yangu. "Hizi za Bwana Sheikhan, mbona nyingi hivi? Na zote za mviringo, elfu tano, elfu kumi."

"Biashara imemnyookea," nikasema, nikabonyeza Kubali Zote.

Alhamisi, 17 Aprili

Arobaini na moja! Sheryl ametuma picha ya kikombe cha dhahabu kwenye simu. Nimemwonyesha Kanze. Akasema kizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Bwana Sheikhan amekuja mwenyewe hadi Makupa, kwa miguu, kanzu imelowa hadi magotini. Amepanda ngazi zetu zote. Simu yake imeletewa ujumbe kwamba kodi yake ni laki sita na elfu ishirini. Mwaka jana alilipa laki moja na arobaini.

"Nisomee vyema," akasema. "Mato yangu si ya kuaminika."

Nikamsomea. Kisha nikamwambia, bila hata kufikiri, kwamba mitambo ya ofisi ya kodi huwa inakosea, asijali, nitafuatilia. Ulimi wangu ulilisema jambo hilo kwa wepesi wa kutisha. Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu, akashuka ngazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda dukani kuuliza kile ambacho nilitakiwa kuuliza tarehe kumi. Zile pesa za mviringo ni za nini?

"Hizo si zangu," akasema. "Ni amana za watu."

Watu wa Kibokoni wanaweka pesa zao kwake, kama wazazi wao walivyoweka kwa baba yake. Mjane, fundi, mpishi, anayeficha na anayeogopa benki. Yeye hachukui hata senti, na anayeitaka yake huipata siku hiyo hiyo. Zamani zilikaa kwenye sefu. Mwaka juzi wezi walivunja duka la jirani, akaogopa, akaanza kuzipeleka benki pamoja na mauzo yake. Kwenye daftari lake zina safu yake peke yake. Nimeiona leo, ukurasa wa tatu tu, viasi bila majina. Kwa mwaka ni milioni moja na laki sita, na kodi yake ni laki nne na themanini, kodi ya pesa ambazo si zake.

"Lakini wao wamejuaje kuzihisabu kuwa ni zangu?" akaniuliza.

Nikasema ni mitambo. Nimeona haya mbele ya misumari na makopo ya rangi, lakini sikusema zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Sikwenda Kibokoni.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Sikwenda.

Jumatatu, 5 Mei

Ofisi ya kodi, kimyakimya, bila kumwambia hata Fadhiya. Afisa ni mama mmoja mtaratibu. Amesema ritani inaweza kurekebishwa, lakini kwa ushahidi. Kila mwenye amana aandike barua: jina, nambari ya kitambulisho, kiasi alichoweka, na kwa nini aliweka dukani na si benki wala nyumbani. Wakala amsomee kila mmoja barua yake kwa sauti mbele ya shahidi, kwa kuwa wengine hawasomi, kisha apige muhuri. Na barua zifikie kiasi chote. Zikipungua, ombi zima linarudi. Mwisho tarehe thelathini Juni.

"Kosa lilikuwa la nani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Tunalichunguza," nikasema. Tunalichunguza! Mimi na nani?

Jumanne, 6 Mei

Bwana Sheikhan amekataa. Hakukasirika hata kidogo.

"Mtu akinipa amana," akasema, "hunipa mambo mawili, pesa na siri. Nirudishe moja niuze jingine?"

Nikamweleza kwamba bila majina atalipa. Akasema basi atalipa. Ana ghala nyuma ya duka, na jirani amekuwa akilitaka kwa miaka. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 12 Mei

Amekuja kuniomba radhi. Mimi! Anasema amenitia taabuni, kazi yangu ni mpya, na jambo lake litanichafulia jina huko Nairobi. Ameniletea visheti alivyovikaanga binti yake, Suhaila, kwenye mkebe wa maziwa. Nimeupokea mkebe kwa mikono miwili. Fadhiya alikuwa ananitazama, na nadhani anajua.

Visheti sikuvila. Nimempa mlinzi wa chini.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Wateja wanane. Sheryl anasema tawi la Makupa ni la tatu kwa nchi nzima.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimejifunza kwamba nilikuwa sijui hata ukubwa wa kosa langu.

Ngowa amepita ofisini. Ni mkandarasi mdogo, anakarabati maghala Shimanzi na nyumba Mji wa Kale, nami ndiye ninayemfanyia hesabu. Alikuja kwa ritani yake, lakini hakuketi.

"Menza, ndugu yangu, mzee Sheikhan ana nini?" akauliza. "Juzi kaniita, kanirudishia pesa zangu zote. Mishahara ya vijana wangu naiweka pale miaka tisa sasa, maana nikibaki nayo mimi, haifiki Jumamosi. Kaniambia niitafutie pahali pengine."

"Kakwambia kwa nini?"

"Kaniambia, 'Kitwa changu kimeanza kuniwata,' yaani akili imeanza kumwacha. Kaambiwa na serikali hesabu zake zimekosea kwa laki nne na themanini. Kalihesabu daftari mara nne, haoni kosa. Anasema mtu asiyeona kosa la laki nne hafai kushika mali ya watu. Ameanza kurudisha za wote."

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo niliufungua. Nikamuuliza kama amekuja na risiti za saruji.

Mzee yule ana akili timamu kuliko mimi na Sheryl na mtambo wetu. Daftari lake halina kosa. Nimemwacha mwezi mzima akikaa peke yake dukani, akijumlisha hesabu sahihi na kujiona mwendawazimu. Sijawahi kumwibia mtu, ndivyo ninavyojisifu siku zote. Hii naiitaje?

Jumatano, 21 Mei

Sikwenda.

Alhamisi, 22 Mei

Sikwenda.

Jumatatu, 26 Mei

Nilifika hadi kona ya duka. Alikuwa na mteja. Nikarudi.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia.

Nilingoja wateja watoke, nikakataa kahawa, nikasema nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari za kitufe. Nilimwambia kuna mahali pameandikwa "Nimemhoji mteja" nami nikatia alama wakati sikumhoji. Nilimwambia nilijua tangu tarehe ishirini na nne Aprili. Nilikuwa nimejitayarishia sababu, wateja arobaini, Pasaka, Nairobi, zote zikakaa kinywani.

Akavuta daftari lake, akaliweka mapajani, akalipapasa jalada.

"Kwa hivyo hisabu zangu zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, mzee. Zote."

"Zote?"

"Zote."

Akatoa leso akafuta uso. "Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilidhani nimekwisha."

Hakuniuliza kwa nini. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alifurahi, Mungu wangu, alifurahi mbele yangu, nami ndiye niliyemnyima furaha hiyo siku arobaini. Nimerudi Makupa kwa miguu.

Lakini majina bado hataji. Ghala anauza.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Bwana Sheikhan ametuma sinia ya biriani hadi nyumbani kwetu Majengo. Kanze ameipokea mlangoni, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Baba Stacy, umemfanyia nini mzee huyu cha kustahili hivi?" Nimemweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kutafuta sahani.

Jumatatu, 9 Juni

Ngowa naye nimemwambia. Huyu alinitukana, asante Mungu. Alipomaliza, akaketi.

"Sheikhan ndiye aliyefungwa mdomo," akasema. "Mimi nani kanifunga? Pesa ni yangu, nikitaka naitangaza sokoni. Andika barua yangu sasa hivi."

"Wewe mmoja. Wengine siwajui, naye hataji."

"Basi waambie wao wakusikie. Kaa pale barazani kwake baada ya alasiri, useme ulichofanya. Mwenye pesa yake atasikia, au ataambiwa. Mficha uchi hazai, bwana."

Alhamisi, 12 Juni

Nilisimama barazani. Walikuwepo wanaume kumi na watano hivi waliotoka msikitini, na madirisha ya juu yalikuwa wazi. Bwana Sheikhan alijua nakuja kusema, akabaki ndani ya duka akipanga bawaba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mimi ni Samuel Menza wa Kalamu Safi, Makupa," nikasema. "Mimi ndiye niliyepeleka hesabu za Bwana Sheikhan serikalini. Daftari lake halina kosa. Pesa zenu nimeziandika kuwa mali yake, na sasa anadaiwa kodi yake. Hataki kumtaja mtu. Yeyote mwenye amana akikubali kujitaja mwenyewe, namwomba aje kwangu na kitambulisho."

"Kwani hukumuuliza?" mmoja akasema.

"Sikumuuliza."

"Kuuliza si ujinga."

"Ndiyo."

"Sasa kilikuzuia nini?"

"Haraka."

Mtu akacheka. Kutoka dirishani sauti ya mwanamke ikasema, "Haraka ya nini, na duka lipo hapa tangu Mngereza?" Wakacheka wote. Masikio yalinichoma. Nilitamani Sheikhan atoke aniokoe kwa neno moja, na nikaona haya kwa kutamani hivyo. Hakutoka. Nikatoa anwani, nikarudia nambari ya simu mara mbili, nikaondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna aliyekuja ila Ngowa.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Mwanakuu, anayekaanga viazi vya karai karibu na duka. Amepanda ngazi akipumzika kila baada ya mbili. Ana elfu hamsini na nne. Sababu ya kuiweka kwa Sheikhan: "Ni ya sanda yangu na hitima yangu. Nyumbani wanangu wataila nikiwa hai." Nimeandika hivyo hivyo, nikamsomea kwa sauti mbele ya Fadhiya, nikamuuliza, ndivyo? Akasema ndivyo. Nikapiga muhuri.

"Wewe ndiwe uliyesimama juzi?" akaniuliza.

Nikasema ndimi.

"Ulikuwa ukitetemeka." Kisha akacheka, akaniambia kesho atawaleta wengine wawili.

Jumatano, 18 Juni

Barua kumi na mbili. Mwanamume anayeficha za mke wa pili. Msichana anayeficha za nauli ya kwenda Doha. Fundi wa kufuli aliyeacha pombe na hajiamini. Nasoma kwa sauti mambo ambayo watu hawa hawajamwambia mtu, na kila mmoja ananitazama usoni nikisoma. Zamani niliona wateja arobaini na moja. Kusema kweli, sikuwa nimemwona hata mmoja.

Alhamisi, 19 Juni

Sheryl amepata habari za barazani. Nimeaibisha jina, anasema, na mkataba unakwisha tarehe thelathini. Kibao kitashushwa, muhuri urudi. Pesa hairudi. Nilimwambia nimeelewa. Kwa mara ya kwanza akaniaga.

Jumatatu, 23 Juni

Barua ishirini na mbili. Jumla milioni moja, laki tano na elfu kumi na nne. Imebaki elfu themanini na sita.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwomba Bwana Sheikhan anipe hata dalili. Amekubali kusema ni mtu mmoja tu aliyebaki.

"Amesikia," akasema. "Akitaka atakuja. Asipotaka, ana haki yake, nami ghala langu lipo."

Jamani, mtu gani huyu? Mjane amejitaja, mlevi amejitaja, huyu anaona aibu yake ni ghali kuliko ghala la mzee wa watu! Nimemlalamikia Kanze wakati wa chakula cha jioni, kwa ukali, na ngumi nimepiga mezani. Nikasema mtu kama huyo hana utu.

"Labda ana sababu," Kanze akasema, akaniongezea mchuzi.

Ijumaa, 27 Juni

Hakuna. Mvua imekatika. Jirani wa Sheikhan ameleta mtu wa kupima ghala.

Jumamosi, 28 Juni

Barua ya mwisho imepatikana. Siwezi kuandika leo.

Jumatatu, 30 Juni

Ofisi ya kodi imepokea barua ishirini na tatu. Afisa alijumlisha mara mbili, zikafika milioni moja na laki sita kamili. Palipoulizwa kosa ni la nani, nimejaza jina langu. Bwana Sheikhan atalipa laki moja na arobaini kama mwaka jana, na ghala ni lake. Nilipompigia simu alisema watu wameanza kumrudishia amana zao, na Ngowa alikuwa wa kwanza.

Sasa niandike habari za Jumamosi.

Saa nne asubuhi Fadhiya aliniita. Kwenye kiti cha wateja alikuwa ameketi Kanze, na sare yake ya jikoni ya shule anakopika, kitambulisho mkononi. Nikadhani Stacy, mtoto wetu, anaumwa.

"Nimekuja kwa barua," akasema.

Nilikaa. Nilijua, lakini nilichukua fomu, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi. Nikamuuliza jina, kama nilivyowauliza wengine. Akalitaja. Nikamuuliza kiasi.

"Elfu themanini na sita."

"Tangu lini?"

"Januari ya mwaka jana."

Ni mwezi nilioachishwa kazi Shimanzi. Wakati huo nilikuwa sijanunua jina la mtu, sijapoteza chochote. Nilikuwa bado nina kiinua mgongo chote na mipango mingi, na nilikuwa nikimweleza kila jioni.

Nilipofika kwenye sababu, sikuweza kuuliza. Akaivuta fomu, akaomba kalamu, akaandika mwenyewe, taratibu, ulimi kwenye pembe ya mdomo. Akanirudishia.

"Ni lazima usome," akasema. "Bi Mwanakuu kaniambia unawasomea wote."

Fadhiya alikuwa shahidi. Alitaka kutoka, nikamwambia akae, ndiyo sheria. Nikasoma kwa sauti.

"Mimi, Kanze, nimeweka kwa Bwana Sheikhan shilingi elfu themanini na sita za karo ya mtoto wetu. Sikuweka benki kwa sababu mume wangu ni mtu wa hesabu, angeziona. Sikuweka nyumbani kwa sababu ya mume wangu huyo huyo. Nilitaka ziwe kwa mtu ambaye huuliza kwanza."

Nikamuuliza, ndivyo?

"Ndivyo," akasema.

Nikapiga muhuri.